Jibu: Ukikanyaga breki, taa ya nyuma kushoto inafifia na indiketa inawaka kwa mbali

Mkuu, balbu umeshabadilisha na hali ni ile ile, kwa hiyo usinunue nyingine. Hapo ethi ya taa ya kushoto, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, ndiyo mbovu. Balbu ya breki ina nyuzi mbili, ya wati 21 ya breki na ya wati 5 ya taa ndogo. Ethi ikikatika, umeme wa breki unatafuta njia ya kurudi kupitia nyuzi za taa jirani, ndiyo maana indiketa inawaka bila kuwashwa.

Jaribu hivi: fungua taa kutoka ndani ya buti, tafuta waya wa ethi. Kwenye Toyota nyingi ni mweupe wenye mstari mweusi. Chomoa plagi kidogo tu uone kama vyuma vyake vimeota ukijani, na angalia holda inayoshika balbu, mara nyingi plastiki yake inayeyuka kwa joto. Kisha chukua kipande cha waya, unganisha ethi hiyo na bodi iliyokwanguliwa rangi, mwenzako akanyage breki. Ikiwaka vizuri, umeshapata ugonjwa. Fungua nati ya ethi, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi juu.

Taa za breki zingekuwa zimezima zote mbili, kushoto na kulia, ningekwambia uanze na fyuzi na swichi ya juu ya pedali.

Na tafadhali usiendeshe usiku kabla hujarekebisha. Wa nyuma yako hajui unasimama.