Faili la configure haliazimwi

SWALI: Nakaa Kisauni, nasoma kompyuta. Nimevuta msimbo wa programu kwa Git, chombo cha kutunza msimbo, niikompaili (niugeuze msimbo kuwa programu inayoendeshwa) kwenye Ubuntu, lakini nikiandika ./configure naambiwa "No such file or directory". Rafiki yangu akanipa configure ya programu nyengine kwa flashi. Sasa naambiwa "cannot find sources". Faili lenyewe nilipate wapi?

JIBU: Kaka, hulipati popote, kwa sababu halijapotea. Halijazaliwa bado. Configure ni skripti inayoiandaa programu ikompailiwe kwenye kompyuta yako.

Andika ls. Ukiona configure.ac na Makefile.am, unacho cha kutosha. Hayo mawili huandikwa kwa mkono. Configure na Makefile.in hutengenezwa kutokana nayo, ndiyo maana wengi hawayaweki kwenye Git. Weka autoconf, automake, libtool na pkg-config kwa apt, kisakinishi cha Ubuntu, kisha andika autoreconf -fi, nayo itakutengenezea configure. Ukikuta autogen.sh, skripti ya programu yenyewe ya kazi hiyo hiyo, anza na hiyo. Ukiletewa "possibly undefined macro", soma jina linalotajwa: likianza na LT_ kilichokosekana ni libtool, likianza na AX_ ni autoconf-archive. Ukikuta CMakeLists.txt badala ya hayo yote, basi hapo configure haihitajiki, tumia cmake, chombo kingine cha kazi hii.

Kinachoniudhi ni hiyo flashi. Kila mara naletewa laputopu yenye configure ya kuazima, kana kwamba ni ufunguo mmoja wa milango yote. Ile ni skripti ya maelfu ya mistari iliyotengenezewa programu moja tu, na jambo la kwanza inalofanya ni kutafuta faili la programu yake. Haikulipata, ikakataa. Shukuru. Kuna wanaojiita mafundi wanaomwambia mtu aufute mstari huo wa ukaguzi, kisha aendeshe kila kitu kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Kijana mmoja aliwasikiliza. Tulikaa kutoka adhuhuri hadi magharibi tukichambua yaliyomwagwa ndani ya /usr/local, folda ya programu za kompyuta nzima, moja moja.

Lifute faili hilo. Usiitegemee git status, maana configure mara nyingi imo kwenye .gitignore, orodha ya faili ambazo Git huzipuuza, na haitaonekana. Tumia git clean -xdf, ila hamisha kazi yako kwanza: amri hiyo hufuta kila kisichokuwa kwenye Git.

Na nyote mnaopokezana skripti, kumbukeni kuwa configure huendesha chochote kilichoandikwa ndani yake, kwa ruhusa zako. Machi 2024, mhandisi wa programu Andres Freund aliona kuingia kwa ssh, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kumechelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri kwenye xz, programu ya kubana faili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Kilichouwasha kilikuwa ndani ya build-to-host.m4, faili la matayarisho ya kukompaili, nalo lilikuwamo kwenye mafungu ya tar (vifurushi vya msimbo) ya watengenezaji wenyewe wala halikuwamo kwenye Git. Ikiwa hilo limepita kwa wenye programu, la flashi isiyojulikana ilikotoka nani amelikagua? Configure na make ziendeshwe bila sudo. Katika hatua hizi sudo ni ya make install peke yake, na hata hiyo huihitaji ukianza na ./configure --prefix=$HOME/.local, inayoiweka programu ndani ya folda yako mwenyewe.