Kumkumbuka babu aliyefia vita vya Kagera mkiwa nyumbani

Dada, umeuliza mfanyeje Julai 25, Siku ya Mashujaa, ikiwa nauli ya kufika makaburi ya Kaboya, Muleba, walikozikwa mashujaa wa vita vya Kagera, haipo na watoto hawakumjua babu yao. Inawezekana kabisa nyumbani, na heshima haipungui.

Wiki moja kabla, andika kwenye daftari jina lake kamili, cheo, kikosi na mahali alipofia. Usichokipata, acha nafasi wazi; usijaze kwa kubahatisha, maana wajukuu watalishika hilo kama kweli. Waulize wazee mmoja mmoja, simu ikirekodi kwa idhini yao. Wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa huwafunika wengine. Bibi asipotaka kusema, mwacheni.

Siku yenyewe, kabla ya chakula, soma jina lake, kaeni kimya dakika moja, kisha kila mtu ataje jambo moja la wiki hiyo analoshukuru. Hapa ndipo wengi hukosea: "tunashukuru kwa amani" haimgusi mtoto. Mwoneshe Daraja la Kyaka kwenye ramani. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalilivunja Novemba 1978, yalipoivamia Kagera. Leo magari yanapita juu ya Mto Kagera, na watoto wa Missenyi, wilaya ya mpakani hapo, wanalala kwao. Naye aseme lake: nimefika shule, nimecheza mpaka jioni.

Dakika 15 zinatosha. Na msilazimishe furaha. Anayetaka kulia alie, shukrani haizuii msiba. Mwishoni andikeni shukrani hizo na tarehe kwenye daftari lilelile.