Jina la duka la majeneza: usinifuate mimi

Juzi kijana mmoja wa Watamu kaniandikia inboksi, anafungua biashara ya majeneza na gari la maiti, anataka nimchagulie jina kati ya Anubis, yule mungu wa Wamisri wa kale, na Phoenix, yule ndege wa hadithi. Nilicheka halafu roho ikaniuma, maana na mimi niliingia shimo hilo hilo.

Duka langu hapa Malindi nililiita Charon. Nilisoma kwa simu usiku kwamba Wagiriki wa kale walikuwa na mzee wa mashua anayevusha wafu mtoni, na maiti anawekewa sarafu mdomoni ya nauli, nikasema hili ndilo, sisi watu wa pwani kuvushwa tunakujua, litashika! Kibao cha rangi ya dhahabu, herufi zina mikia, nasimama nje nawatazama wapitao kama wamesoma.

Wakasoma. Sharoni. Mji mzima Sharoni. "Kwa Sharoni jeneza la mkangazi bei gani?" Mamake watoto akaniuliza kwa ule upole wa kuogopesha, huyo Sharoni ni nani. Nikaanza habari za Wagiriki, akanitazama tu. Siku hiyo nilikula ugali mkavu.

Hayo niliyavumilia. Kilichonimaliza ni mama mmoja Mtaliano, kafiwa na mume, kaja na bintiye kuchagua jeneza, akaangalia kibao, akamshika binti mkono wakageuka. Binti ndiye alirudi kunieleza, kwao anaitwa Caronte, wanamsoma shuleni kwenye shairi la Dante, anavusha waliolaaniwa kwenda motoni na anayezembea anamchapa kasia. Sasa mume wako umkabidhi kwa huyo? Na Malindi hii Wataliano walivyojaa, mimi akili nilikuwa nimeiweka wapi!

Kwa hiyo mdogo wangu, jina la hadithi lisome mpaka mwisho. Anubis kweli ndiye Wamisri wa kale walimpa kazi ya kuhifadhi maiti, lakini kichwa chake cha mbweha, na mtu wa Barani akikiona ubavuni mwa gari ataona mbwa, basi. Phoenix anaungua awe majivu ndio ainuke, huyo mpe anayechoma maiti, sio Mgiriama anayemzika mzee wake bomani. Chagua jina mtu anaweza kulitamka huku analia. Tuache kujionyesha tumesoma, mfiwa hakuja darasani.

Mimi nilipaka nyeupe juu nikaandika MAJENEZA NA GARI, na namba ya simu. Ila ile nyeupe imeanza kubanduka, C ya dhahabu inachungulia, na wiki iliyopita mtu kapiga anamuulizia Sharoni.