Maswali na majibu: kelele kwenye amplifaya ya chaji

Barua za safari hii zimefuatana kana kwamba zimeandikwa na mkono mmoja: kihisi kinatoa chaji kiduchu, na amplifaya ya chaji, yaani saketi inayogeuza chaji hiyo kuwa volteji, inaifukia kwenye kelele (mitikisiko ya umeme isiyo ishara). Nimechagua maswali sita. La kwanza nitalikalia zaidi, kwa sababu mengine mengi yanazaliwa humo.

Nimeunda kigunduzi cha miale ya gama kwa fotodiodi (diodi inayogeuza mwanga au miale kuwa chaji) ya BPW34, kebo ya mita moja na opampu (chipu ya kukuza ishara) ya TL072. Chanzo changu ni amerisiamu-241. Kwenye osiloskopu naona majani matupu, yaani kelele tu. Niongeze ukuzaji? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Usiongeze. Ukikuza ishara, kelele nazo zinakua kwa kiasi kilekile, na utabaki ulipokuwa. Kinachohesabika ni ishara inaizidi kelele mara ngapi, na hilo linaamuliwa kwenye sentimita chache za kwanza za saketi, kabla chochote hakijakuzwa.

Tupige hesabu. Mwale wa gama wa amerisiamu una kiloelektronivolti 59.5. Ndani ya silikoni, kung'oa elektroni moja kunagharimu elektronivolti 3.6 hivi, kwa hiyo mwale ulionaswa wote unakupa elektroni kama 16,500, yaani femtokulombu 2.6. Kwa kapasita ya mrejesho (inayounganisha tokeo la amplifaya na ingizo lake) ya pikofaradi 1 utapata pulsi ya milivolti 2.6. Si haba.

Sasa upande wa pili. TL072 ya kawaida ina kelele ya nanovolti 18 kwa kila kipeuo cha pili cha hezi. Kwenye upana wa masafa wa kilohezi 100, hiyo ni mikrovolti 5.7. Ili uilinganishe na ishara, izidishe kwa kapasitansi yote inayoning'inia kwenye ingizo. BPW34 isiyopewa volteji ya kinyume ina pikofaradi 70. Kebo yako ya mita moja ina kama 100. Opampu na bodi, tuseme 30. Jumla ni 200, na kelele inafika elektroni 7,100. Ishara inaizidi mara mbili na ushei tu, ndiyo maana jicho halioni kitu.

Toa kebo, uchomelee diodi kwenye bodi ileile, miguu ikiwa mifupi kabisa. Kisha ipe diodi volteji ya kinyume kutoka kwenye betri ya volti 9: hata kwa volti 3 tu kapasitansi yake inashuka hadi 25 hivi. Jumla sasa ni kama pikofaradi 55, na kelele imeshuka hadi elektroni 2,000 hivi kwa gharama ya betri moja. Hapo pulsi zitajitokeza.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, weka transista ya JFET (aina yenye kelele ndogo) mbele ya opampu. Michoro mingi bado inataja BF862, lakini uzalishaji wake ulishasimama, na bidhaa za bandia ni nyingi. Transista ya JFE150 ina kelele kama ya BF862, nanovolti 0.8 kwa kipimo kilekile cha juu, na hata ukijumlisha kapasitansi yake yenyewe, ambayo si ndogo, sehemu hii ya kelele inashuka chini ya elektroni 200.

Mambo mawili ya nyongeza. Fotodiodi inaona mwanga kabla ya kuona gama, kwa hiyo ifunike kwa karatasi ya alumini na uifungie yote ndani ya kisanduku cha chuma kilichounganishwa na waya wa sifuri wa saketi. Na kama chanzo chako kimetoka kwenye king'ora cha moshi, nakuomba kwa dhati usikifungue kile kidonge. Vumbi la amerisiamu likiingia mapafuni hutoa miale ya alfa ukiwa nalo mwilini.

Vitabu vinasema kelele ya joto ya rezista hupanda kadiri omu zinavyopanda. Mbona kwenye mrejesho wa amplifaya ya chaji wanaweka megaomu 100? (Fundi, Nairobi)

Vitabu vinazungumzia volteji. Kelele hii, ambayo Johnson aliipima na Nyquist akaieleza kwa hesabu mwaka 1928, ina sura mbili: ukiitazama kama volteji inapanda na omu, ukiitazama kama mkondo inashuka. Kwenye ingizo la amplifaya ya chaji kinachotuumiza ni mkondo, kwa hiyo rezista kubwa ndiyo tulivu.

Kipimo rahisi ni hiki: gawa milivolti 50 kwa thamani ya rezista, utapata mkondo wa kuvuja ambao ungeleta kelele sawa na hiyo. Megaomu 10 ni sawa na nanoampea 5. Megaomu 100 ni nanoampea 0.5. BPW34 kwa volti 10 huvuja takriban nanoampea 2, hivyo rezista ya megaomu 10 itapiga kelele kuliko diodi yenyewe, na ya 100 itakuwa chini yake. Gigaomu 1 ingeongeza utulivu kidogo mno, na kwa kapasita ya pikofaradi 1 pulsi ingechukua milisekunde nzima kurudi chini. Mimi ningebaki na 100. Kama dukani hazipo, unganisha kumi za megaomu 10 kwa mfululizo. Kumbuka pia kwamba rezista inayopeleka volteji kwenye diodi inahesabiwa kwa kanuni hiyohiyo.

Nikirefusha muda wa kichujio cha pulsi, kelele inapungua, halafu ghafla inaanza kupanda tena. Kichujio kimeharibika? (Kampala)

Kiko salama, na umekutana na kiini cha kazi hii. Kelele ya volteji ya transista hupungua ukirefusha muda, kwa kuwa unafunga masafa ya juu. Kelele ya mkondo wa kuvuja hufanya kinyume. Nanoampea 2 hupitisha elektroni kama 25,000 katika mikrosekunde 2, na idadi hiyo hupanda na kushuka kwa kipeuo chake cha pili, yaani elektroni 158 hivi. Ukisubiri mikrosekunde 20, zinakuwa 250,000, na mtikisiko ni 500. Muda bora ni pale kelele hizi mbili zinapolingana. Kama muda wako bora umeangukia mahali pafupi sana, diodi inavuja kupita kiasi: ipoze, kwa sababu mvujo wa silikoni hupungua kama nusu kwa kila nyuzi 8 au 10 unazoshusha.

Kihisi changu cha piezo (kinachotoa chaji kikibanwa) kinapima mtetemo wa jenereta. Nikigusa kebo tu, ishara inaruka. (Mwanza)

Kebo yenyewe inazalisha chaji. Ikipindwa, plastiki ya ndani inasuguana na wavu wa nje na chaji zinatengana. Kihisi cha kwatsi hutoa pikokulombu 2.3 tu kwa kila nyutoni, kwa hiyo msuguano huo unaweza kukifunika. Nunua kebo ya kelele ndogo, yenye tabaka linalopitisha umeme kati ya plastiki na wavu, kisha ifunge kwenye mwili wa jenereta isichezecheze. Walter Kistler alipata hataza ya amplifaya ya chaji mwaka 1950, na tangu hapo wauzaji husema urefu wa kebo si tatizo. Ni kweli kwa ukubwa wa ishara. Kwa kelele si kweli, kama hesabu ya juu ilivyoonyesha.

Angalia pia kapasita ya mrejesho. Seramiki za aina ya X7R nazo ni piezo na hupiga kelele zikitikiswa. Tumia seramiki za aina ya C0G, ambazo hazina tabia hiyo.

Saketi ilikuwa tulivu wakati wa kiangazi, masika yalipoingia kelele ikapanda. (Tanga)

Unyevu na mabaki ya flaksi (dawa ya kuchomelea) vimetengeneza njia ya kuvuja juu ya bodi. Isugue kwa brashi na alkoholi ya isopropili, ikaushe kwa hewa ya uvuguvugu, na usiiguse tena kwa vidole. Mguu wa ingizo ningeuinua hewani usilale kwenye bodi kabisa. Ukichora bodi mpya, zungushia ingizo mstari wa shaba wenye volteji sawa nalo, ili mvujo usipate sababu ya kuvuka.

Nitajuaje kwa hakika kuwa badiliko nililofanya limesaidia? (Morogoro)

Ingiza chaji unayoijua. Ruka la milivolti 1 kupitia kapasita ya pikofaradi 1 linapeleka femtokulombu 1 kwenye ingizo, sawa na elektroni 6,240. Pima urefu wa pulsi, kisha pima kelele kwa kipeuo cha pili cha wastani wa miraba (RMS) ruka likiwa limezimwa. Gawa kelele kwa urefu huo wa pulsi, zidisha kwa 6,240, na utapata kelele kwa idadi ya elektroni. Halafu toa kihisi, weka kapasita ya kawaida yenye kapasitansi sawa, pima tena. Kelele ikishuka sana, mkosaji ni mvujo wa kihisi. Isiposhuka, rudi kwenye transista, bodi na chanzo cha umeme. Badilisha kitu kimoja kila mara, na uandike namba kabla ya kushika kifaa cha kuchomelea.