Maabara ya pwani: hesabu kwanza hewa unayoitupa

Anayejenga maabara ya kemia Dar es Salaam, Tanga au Mombasa huuliza kwanza zinahitajika AC ngapi. Aanze na hewa itakayotolewa nje. Kila pumzi inayovutwa na kabati la kunyonya mvuke lazima ifidiwe na hewa ya nje, nayo ipozwe na kukaushwa upya.

Chukua kabati moja lenye kioo cha mbele cha upana wa mita 1.5, kilichoinuliwa sentimita 50. Likivuta kwa kasi ya mita 0.5 kwa sekunde, linatupa mita za ujazo 1,350 kila saa. Mchana wa nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70, kuifikisha hewa hiyo kwenye nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 50 kunataka upoozaji wa kilowati 16 hadi 17. Hizo ni AC tano hivi za BTU 12,000, kwa kabati moja tu! Na karibu robo tatu ya mzigo huo ni maji yaliyomo hewani, joto lenyewe ni sehemu ndogo.

Hapo ndipo AC za ukutani zinaposhindwa. Zinazungusha hewa ya ndani tu, huku hewa ya nje ikijipenyeza madirishani na chini ya milango na unyevu wake wote. Ikigusa dari baridi, dari inatoa jasho, baadaye inaota kuvu. Fundi akiambiwa, huleta AC kubwa zaidi, na hali inazidi kuharibika: inafikisha nyuzi zilizowekwa kwa dakika chache, kisha inazima kabla ya kuikausha hewa. Watu wanavaa masweta na karatasi bado zinajikunja.

Kinachofaa ni mashine moja ya kuingiza hewa ya nje, inayoipoza hadi nyuzi 12 au 13 ili maji yadondoke kwenye koili, yaani mabomba baridi ya mashine hiyo. AC za ukutani zibaki na joto la vifaa. Hewa ya nyuzi 13 ni baridi mno kwa chumba kisicho na mashine nyingi, na wabunifu wengi huipasha kwa hita ya umeme, yaani unalipia kupoza kisha unalipia kupasha. Agiza koili iliyozungushiwa mabomba ya kuhamisha joto: joto la hewa inayoingia ndilo linaloipasha hewa iliyokwisha kaushwa.

Mitambo ya kuokoa ubaridi kutoka kwenye hewa inayotupwa husifiwa sana katika nchi za baridi. Pwani, ile inayohamisha joto tu inagusa robo moja ya mzigo, na ile ya gurudumu inayohamisha unyevu inaweza kurudisha mvuke wa kemikali ndani. Fedha hiyo inunulie feni za kubadilika kasi. Nguvu ya feni hufuata kasi kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo ukipunguza kasi kwa asilimia 20, umeme wake unabaki karibu nusu. Bila feni hizo, kushusha kioo cha kabati hakuokoi kitu, maana feni inavuta hewa ileile kupitia tundu jingine.

Ofisi na meza za kuandikia ziwe nje ya maabara, kwenye madirisha na feni za dari. Friza za nyuzi hasi 80 zipewe chumba chao, kwa sababu umeme wote zinaoula hurudi chumbani kama joto.

Bomba la kutolea mvuke lipande angalau mita 3 juu ya paa, bila kofia ya mvua, kwani kofia huirudisha hewa chini. Kusi na kaskazi hupokezana, hivyo tundu la kuingizia hewa lililo salama Januari linaweza kunyonya mvuke huo Julai. Liweke mbali na bomba, mahali ambapo upepo wa misimu yote miwili hauelekezi mvuke.

Kabla ya kupokea jengo, pima kasi ya hewa kwenye pointi tisa za mdomo wa kila kabati, makabati yote yakiwa yamewashwa pamoja. Yakipimwa moja moja, kila kabati linaweza kufaulu. Kisha shika kijiti cha moshi chini ya mlango wa korido: moshi uingie maabara. Ukitoka, hewa inayoingizwa ni nyingi kuliko inayotolewa. Ipunguzwe hadi iwe pungufu kwa asilimia 10 hivi.