Pigo ambalo Charlie Watts hakulipiga

Anayetaka kujifunza dramu za roki kwa mpigaji mmoja tu, amchukue Charlie Watts wa bendi ya Rolling Stones. Alizaliwa London mwaka 1941, akapenda jazi tangu utotoni, akawa mbunifu wa matangazo mchana na usiku akipiga na Blues Incorporated, bendi ya Alexis Korner. Januari 1963 akaingia Stones, na hakutoka hadi alipofariki Agosti 2021. Muda wote huo hakuwahi kusifika kwa kasi wala kwa solo ndefu. Cha kujifunza kwake kiko kwenye mkono wa kulia.

Mdundo wa kawaida wa roki unahesabiwa moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Hai-hati (toazi mbili zinazofungwa kwa pedali) hulia mara nane, kiki (dramu kubwa ya mguu) kwenye moja na tatu, snea (dramu ndogo yenye mlio mkali) kwenye mbili na nne. Watts aliyaacha mapigo mawili ya hai-hati: snea ilipolia, mkono wa kulia ulikuwa hewani. Yakabaki sita, na snea ikasikika peke yake, bila toazi kuifunika.

Weka metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 70 kwa dakika. Anza na mikono tu, miguu itulie, ila wa kushoto ukandamize pedali ya hai-hati muda wote. Mdundo ukikaa, ongeza kiki. Usipandishe kasi kabla ya kuupiga dakika tano mfululizo bila kuyumba.

Makosa huwa yale yale. Wengi huinua mkono juu mno, kwa mbwembwe, ukashuka umechelewa, na ile “na” inayofuata snea ikaburuta. Sentimita chache zinatosha. Wengine, mkono wa kulia ukipanda, mguu wa kushoto nao unalegea na hai-hati inafunguka kwa mlio wa “tsii”. Halafu kuna wanaokimbia, kwa sababu pengo linawatia wasiwasi. Hao wahesabu kwa sauti, hasa ile mbili na ile nne.

Vifaa visikusumbue. Seti yake maarufu ilikuwa Gretsch ya mwaka 1957: besi dramu (ndiyo kiki) ya inchi 22, tomu (ngoma ya ukubwa wa kati) ya 12, tomu ya chini ya 16, na snea. Ngoma nne, zikajaza viwanja vya mpira. Kijiti cha kushoto alikishika kwa mtindo wa wanajazi, kikilala kati ya kidole gumba na cha shahada. Huo si lazima kuuiga, mdundo huu unapigika kwa mshiko wowote.

Lililo gumu zaidi ni kujua umfuate nani. Bendi nyingi humfuata mpiga dramu. Stones walikwenda na gitaa la mwenzao Keith Richards, na Watts akamfuata Keith. Kama bendi yenu inaongozwa na gitaa la ridhimu, sogeza kiti chako hadi ulisikie spika lake moja kwa moja, maana ukilisikia kwa mbali utakuwa nyuma kila wakati.

Na kuna siku mdundo hautakuja. Kwenye “You Can't Always Get What You Want” ya mwaka 1969, aliyepiga dramu ni prodyuza wao, Jimmy Miller, kwa kuwa Watts hakuupata mdundo aliouwazia Miller. Mpishe mwenye mdundo akae kitini, wimbo urekodiwe, muendelee na unaofuata.