Msimfungie kaka yako! Mpelekeni hospitali kabla hajaacha pombe

Jamani, ahirisheni hiyo safari ya Jumamosi. Umeandika kuwa kaka yako wa Ujiji amekunywa gongo kila siku kwa miaka minane, asubuhi mikono haitulii bila glasi, na mnataka kumfungia chumbani kwa mjomba huko Kasulu. Unauliza pia kama asali na ndimu hukata hamu. Halafu mwishoni umegusia tu kwamba alishaacha mara mbili, na tangu hapo hushtuka hata mlango ukigongwa. Hapo ndipo penye hatari.

Kwetu pia tulimfungia mtu wetu kwa kufuli, mara tatu. Waliotushauri walisema "siku tatu tu, atazoea". Hakuna aliyetuambia kuwa kila kuacha ghafla huelekea kuwa kubaya kuliko kulikotangulia. Mpaka leo nina hasira nao.

Pombe ya kila siku hutuliza ubongo, nao ubongo hujibu kwa kulegeza breki zake na kuzidisha vichocheo. Ikikatwa ghafla, breki hazipo. Saa 6 hadi 12 tangu glasi ya mwisho huanza kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na hofu isiyo na sababu. Kifafa huja zaidi ndani ya saa 48. Siku ya 2 hadi ya 4 wengine huweweseka, huona wadudu ukutani, homa hupanda, na mtu anaweza kufa. Majirani watasema mapepo. Pepo gani hilo linalofuata saa?

Sasa hiyo hofu. Amigdala, sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu za hatari, inakuwa imewaka, huku sehemu ya mbele ya ubongo inayotakiwa kuizima imechoka. Panya waliozoeshwa pombe kisha wakanyimwa walishindwa kujifunza upesi kwamba mlio uliokuwa ukitangulia shoti hauleti tena shoti. Kwa hiyo chumba chenu, giza lake na mlio wa kufuli vinaweza kumkaa kichwani kama hatari, na atakimbilia gongo kuvizima. Mkimfungia tena mnaiongeza hiyo hofu.

Kanuni yangu ni moja: asiache kabla hajaonwa na daktari. Mpaka mfike hospitali ya Maweni, Kigoma, aendelee na kiasi chake cha kawaida, msikikate njiani. Mweleze daktari glasi ngapi kwa siku, ya mwisho saa ngapi, na kama aliwahi kuanguka kifafa. Kwa kawaida hupewa diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, dozi ikishushwa taratibu kwa siku 5 hadi 7 chini ya uangalizi. Msiinunue dukani: ikichanganyika na gongo, pumzi hukatika. Kumbusheni pia vitamini B1 ya sindano, itangulie dripu ya glukosi.

Na mtu akiwaletea sindano ya klopromazini, dawa ya wagonjwa wa akili, "ya kumlaza", kataeni. Atanyamaza kweli, lakini inarahisisha kifafa.